Kaburi la Tisa

Tusizidi kumchosha Nazari miguu. Wiki nzima tumemwacha amesimama mbele ya meza ya Bi. Eunice, ofisa wa uhamiaji pale Mbinga, na kidole cha mama yule kimekaa juu ya mstari mmoja wa daftari kuukuu lenye jalada la kijani. Aliulizwa swali. Leo atalijibu, apende asipende.

"Nakuuliza kwa mara ya pili, Bwana Nazari. Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka juzi. Daftari hili la misiba la kijiji chenu linasema siku hiyo ulichimba kaburi kando ya ziwa. Karatasi hii ya mwajiri wako inasema siku hiyo hiyo ulikuwa Mbozi, mkoa wa Songwe, unafunga mashine ya kumenya kahawa. Ulikuwa wapi?"

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili limefungiwa vitumbua, nikupe habari kwa kifupi. Nazari alizaliwa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Alivuka miaka kumi na sita iliyopita na kibali cha kazi mfukoni, fundi wa mashine za kahawa. Akamwoa Lukresia, wakajenga katika kijiji kimoja jirani na Liuli ambacho nimeapa kutokitaja jina, wakamzaa Stella. Sasa anaomba tajnisi, yaani uraia wa kuomba. Mke wake ni Mtanzania wa kuzaliwa, lakini kwa mwanamume hilo peke yake halitoshi. Lazima aonyeshe ameishi wapi, tangu lini, na nani anamfahamu.

Na hapo ndipo penye mwiba. Ndani ya miaka hiyo kumi na sita kampuni ilimhamishia Mbozi kwa miaka miwili, mwaka juzi na mwaka jana. Kwenye fomu hakuandika Mbozi hata mara moja. Aliandika kijiji chake, mwanzo mpaka mwisho.

Akisema alikuwa ziwani, karatasi ya mwajiri inageuka ya kughushi. Akisema alikuwa Mbozi, kijiji kizima kimetoa ushahidi wa uongo.

"Nilikuwa Mbozi, mama," alisema Nazari.

"Na alama hizi tisa mbele ya jina lako? Makaburi tisa katika miaka miwili?"

"Sikuchimba hata moja."

Bi. Eunice alivua miwani. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwaka wa tatu Mbinga, na ubaridi wa huku ulimfanya avae sweta mpaka Desemba.

"Unajua kinachoniudhi? Kuhama mkoa si kosa. Mimi mwenyewe nimehamishwa mikoa minne, na kila nikihama naandika barua mbili, ya kuondoka na ya kuripoti. Ungeripoti kule, ukaleta barua ya mtendaji wa kule na majirani wawili, miaka yako ingejumlishwa, ya huku na ya kule, na leo tungekuwa tunaongea mengine. Sasa Mbozi ulikoishi huna shahidi. Ziwani ambako hukuishi unao kijiji kizima. Nikuandike wapi?"

"Niliambiwa sijahama."

"Na nani?"

"Na kila mtu."

Hakumdanganya. Kule kwao mtu aliyekwenda kutafuta riziki hajahama. Yuko kazini tu. Akifa mtu, mwenyekiti wa misiba anafungua daftari na kuita majina manne ya wachimbaji kwa zamu. Aliye mbali, ndugu yake anamchimbia, na alama inawekwa kwenye jina la aliye mbali, si la aliyeshika jembe. Asiyechimba hachimbiwi, ndiyo sheria yao, na hawana nyingine kali kuliko hiyo. Hyasinti, kaka yake Lukresia, ndiye aliyemshikia Nazari nafasi. Hakuna aliyeona uongo hapo. Waliona upendo.

Na daftari lilifikaje Mbinga? Hapo cheka au lia, chagua mwenyewe. Mwenyekiti wa misiba, Mzee Edmund, alilifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulituma kwa hiari yake, bila kuombwa na mtu, pamoja na kikaratasi: "Mtu anayechimba makaburi yetu ni wetu." Alidhani anampa Nazari ushahidi usioshindika. Kumbe alimpa kamba ya kujinyongea.

"Sikiliza," alisema Bi. Eunice, na sauti yake ilishuka. "Faili linatakiwa Songea Jumatatu asubuhi. Ijumaa saa nne nataka hapa mtu aliyechimba na mtu aliyetunza daftari. Waseme kwa vinywa vyao kwamba alama hizi ni desturi, kwamba hukuhonga mtu wala kumtuma akuandikie. Wakisaini, naambatanisha maelezo na barua yako ya Mbozi, na ombi linaendelea. Wasipokuja, naandika kuwa mwombaji ametoa taarifa za uongo."

"Ukiandika hivyo?"

"Kibali chako kinaisha mwisho wa mwezi. Sidhani kama utapata kingine. Utarudi ulikozaliwa, na mkeo na binti yako watabaki huku."

Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana Nazari alizidi kuogopa.

* * *

Jumatano mchana alimkuta Lukresia ufukweni anatandaza usipa kwenye chanja. Samaki wale wadogo walikuwa wameanza kukauka na nzi walikuwa wengi. Hyasinti alikaa pembeni kwenye mtumbwi uliopinduliwa, anaziba ufa.

Nazari aliwaeleza yote kwa pumzi moja. Hyasinti aliweka nyundo chini.

"Hilo tu? Nitakwenda. Nitasema ni mimi."

"Shemeji, utasaini mbele ya serikali."

"Nimesaini mbele ya maiti, nitashindwa mbele ya mama wa sweta?" Alianza kuhesabu kwa vidole, na alihesabu kwa marehemu, si kwa tarehe. "Yule babu wa kisimani. Mtoto wa Jastin. Wale wawili wa ajali ya Chiwanda, siku moja. Mwalimu mstaafu. Bibi Stella, aliyerithiwa jina na binti yako. Mwanamke wa fundi cherehani. Yule mgeni aliyeokotwa ziwani. Nane."

"Ni tisa," alisema Nazari.

Hyasinti alihesabu tena, akapata nane tena.

"Kaka amesahau," alisema Lukresia. Alikuwa amewapa mgongo na mikono yake imetulia juu ya chanja. "Makaburi mengi, nani atayakumbuka yote. Yote tisa ni yeye."

"Lakini la tisa ni la nani?"

"Baba Stella, nimesema ni yeye. Twende tukale."

Nazari alikuwa na njaa na hofu, na mtu mwenye vyote viwili haulizi mara mbili. Ningekuwa mimi ningeuliza. Wewe pia ungeuliza. Lakini hatukuwa pale.

* * *

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Mzee Edmund. Alimkuta barazani na Pankras, mwanawe wa kwanza, mtu mzima wa miaka arobaini na maneno machache, anafuma wavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wamekupa nchi?"

"Bado, baba. Nimekuja kukuomba tupande wote Mbinga kesho." Akaeleza. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kutabasamu.

"Huyo mama hajui desturi, ndiyo shida yote. Nitamfundisha. Hyasinti amekuchimbia, mimi mwenyewe nilimwona. Nane hizo ni zake, nitasema mbele ya yeyote." Kisha akaweka mkono kwenye goti la Nazari. "Ila ya tisa ni yako."

"Ipi, baba?" aliuliza Nazari.

"Ya Gertruda wangu," alisema mzee. "Machi mwaka jana. Mvua ile ya siku tatu. Giza la mwezi lilikuwa limeingia, vijana wote wamepiga kambi mbali kwa uvuvi wa usipa, wachimbaji wamepatikana watatu tu. Mimi nimefungiwa ndani na wafiwa, naona mlango tu. Nikasema moyoni, leo mke wangu atakosa kaburi. Ndipo nikaona ovaroli ya bluu inapita kwenye mvua, na kofia yake, na jembe begani. Ovaroli hiyo kijiji kizima anayo mtu mmoja. Nikasema, Nazari ametoka Mbozi usiku kucha kuja kumchimbia Gertruda."

Pankras alichomwa na sindano ya kufumia. Aliinyonya damu kidoleni, wala hakuinua uso.

"Ulipokuja likizo ya Pasaka nilikushika mikono miwili nikakushukuru. Unakumbuka? Nikakupa yule beberu. Ndiyo maana nililituma daftari, mwanangu. Siyo kwa ajili ya zile nane. Kwa ajili ya hiyo moja. Nikasema, serikali ilione kaburi hilo."

Alikumbuka, ndiyo. Alikumbuka beberu na mikono ya mzee. Siku ile ya Pasaka hakuwa na habari yoyote ya kaburi, akadhani Hyasinti amechimba kama kawaida na mzee amechanganya. Angesema, "Baba, sikuwa mimi." Lakini mzee alikuwa analia, na shukrani ni tamu hata isiyo yako. Akanyamaza. Alimla beberu.

Sasa ilikuwa saa ya pili ya kusema, na hii ilikuwa na upenyo mzuri. Wawili tu barazani, na mtoto wa nyumba. Alifungua mdomo.

"Baba, kuhusu hiyo Machi..."

"Usiniambie nisiiseme kwa unyenyekevu wako. Nitaisema."

Akanyamaza tena. Nimekasirika naye mpaka kalamu inanikwaruza karatasi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na Nazari alishaambiwa hili na mama yake, na mapadri, na sasa na mimi.

* * *

Ijumaa saa nne kasoro walikuwa kwenye benchi la ofisi: Nazari, Lukresia, Hyasinti, na Mzee Edmund katika koti lake la kanisani. Pankras aliyemsindikiza baba yake alibaki nje, akasema anavuta hewa.

Bi. Eunice alimwamkia mzee kwa heshima, akampa kiti chenye mto, akaanza. Alisoma tarehe moja moja. Kila tarehe Hyasinti alisimama.

"Huyo ni babu wa kisimani. Nilichimba mimi."

"Kwa nini alama iko kwa Nazari?"

"Kwa sababu zamu ilikuwa yake."

"Alikulipa?"

"Kuchimba kaburi kunalipwa wapi, mama?"

Bi. Eunice aliandika. Mzee Edmund alithibitisha. Ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, kazi ilikwenda kama maji ya mfereji, na Nazari alianza kuuona mwisho wa mwezi bila kutetemeka. Hata Bi. Eunice alilegea kidogo, akasema kwao Bukoba nako wana mambo yao ya mazishi.

"Tarehe tatu Machi, mwaka jana," alisoma. "Ya mwisho."

Hyasinti alisimama, akasita. Mzee Edmund alimwinulia mkono.

"Kaa, Hyasinti. Hiyo ni ya Nazari mwenyewe."

Kalamu ya Bi. Eunice ilisimama.

"Mzee wangu, siku hiyo Nazari alisaini mahudhurio Mbozi asubuhi na jioni. Ninayo hapa."

"Karatasi zinakosea. Mimi nilimwona. Alivaa ovaroli yake ya bluu, na lilikuwa kaburi la mke wangu."

Ofisi nzima ilimgeukia Nazari. Sasa ilikuwa saa ya tatu ya kusema, na hii haikuwa na upenyo wowote.

"Sikuja, baba," alisema. "Nilikuwa Mbozi. Nisamehe. Nilidhani ni shemeji."

Mzee alimtazama kama mtu anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. Kisha akamgeukia Hyasinti polepole.

"Wewe? Wewe ulikuwa ng'ambo na mzigo wa samaki. Ulirudi baada ya wiki mbili, ukaja kuniomba radhi kwamba hukumzika Gertruda wangu. Ulilia kwenye baraza langu."

Hyasinti alikuwa ameandaa uongo wake vizuri toka Jumatano. Ulimfia mdomoni.

"Basi naomba nielewe," alisema Bi. Eunice, na ule ulegevu ulikuwa umekwisha. "Nane zina mwenyewe. Ya tisa haina. Mtu mmoja alivaa nguo za mwombaji, akaenda mahali pa mwombaji, akawekewa alama ya mwombaji, siku ambayo mwombaji yuko mkoa mwingine. Hiyo si desturi. Hiyo ni kutengeneza ushahidi. Kama hakuna wa kunieleza, nafunga faili sasa hivi."

Alianza kufunga kweli. Ile kamba ya faili ilizunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili.

"Ni mimi."

Alikuwa Lukresia.

"Mama Stella, nyamaza," alisema Hyasinti.

"Nimenyamaza mwaka na nusu, kaka. Ni mimi, mama. Ovaroli ni ya mume wangu, aliiacha nyumbani. Wachimbaji walikuwa watatu na mvua inajaza shimo. Walikuwa wanatoa maji kwa ndoo na udongo unarudi. Ilifika saa sita hawajafika kiunoni. Padri anasubiri, maiti yuko ndani siku ya pili. Na zamu ilikuwa yetu. Jina lililoitwa ni la nyumba yangu. Nikavaa, nikafunga kofia, nikashuka shimoni. Nilichimba mpaka saa tisa."

Najua msomaji wa mjini unasema, si vizuri hivyo, mwanamke jasiri, mpeni zawadi. Subiri. Katika kijiji kile jembe la mwanamke halifungui kaburi. Mwanamke analia, anaosha, anapika, anatwanga. Shimoni hashuki. Wanaamini maiti aliyelazwa kwenye shimo hilo hapumziki, bali anazunguka akitafuta mlango, na nyumba aliyotoka inaanza kuhesabu hasara. Mwaka huo huo Mzee Edmund alipoteza mitumbwi miwili na mjukuu. Alikuwa amejiuliza sana kwa nini.

Sasa alijibiwa.

Hakupiga kelele. Alivua kofia, akaiweka magotini, akamuuliza Nazari peke yake, kana kwamba Lukresia hayupo.

"Siku ile ya Pasaka nilikushika mikono. Mbona uliniacha niseme mpaka mwisho?"

Miaka kumi na sita watu wale wawili walikuwa wa kufa na kuzikana, na mmoja alikuwa amekula beberu wa kaburi asilolichimba.

"Nani aliweka alama hii ya tisa?" aliuliza Bi. Eunice. "Mzee ulikuwa ndani. Daftari lilishikwa na nani?"

Lukresia alitazama sakafu. Mzee hakusikia hata swali. Alikuwa amenyoosha mkono.

"Lete karatasi yako, mama."

"Mzee, huna haja ya kusaini leo."

"Umetaka niseme kama Nazari alihonga. Hakuhonga. Umetaka niseme kama alituma mtu. Hakutuma. Ni kweli, na kweli ninaisaini."

Akasaini, herufi kubwa za mtu aliyesoma darasa la nne la zamani. Nazari alianza kulia bila sauti. Alidhani amesamehewa. Maskini.

Mzee Edmund hakuirudisha kalamu. Alilivuta daftari la kijani, akatafuta ukurasa, akaweka ukingo wa kitambulisho chake chini ya jina la Nazari ili mstari unyooke. Kisha akalikata, kutoka herufi ya kwanza mpaka alama ya tisa.

"Na hili nalo ni kweli," alisema. "Serikali ikupe nchi, Nazari. Kaburi kwetu huna. Wewe, na huyo, na nyumba yenu yote."

"Mzee, hicho ni kielelezo cha ofisi," alisema Bi. Eunice.

"Ni daftari la wafu wetu. Niliwaazima, nalichukua." Alilirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni.

Bi. Eunice hakumzuia. Alikuwa anasoma fomu, na alivyozidi kusoma ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mzito. Swali la kumi na nane, la mwisho, alikuwa amelijaza kwa penseli tangu wiki iliyopita, kwa sababu ya kile kikaratasi cha mzee. Sasa alichukua ufutio na kulifuta.

"Nazari, maelezo ya Mbozi nimeyapokea. Hapo umepona. Lakini fomu inaniuliza kama mwombaji anakubalika na watu wa mahali anapoishi. Mwenyekiti wa misiba amekukata jina mbele ya macho yangu. Siwezi kuandika ndiyo kana kwamba sikuona." Akamgeukia mzee aliyekuwa ameshafika mlangoni. "Niandike hapana?"

Mzee Edmund alisimama akiwa amewapa mgongo.

"Hilo si langu peke yangu. Jumapili baada ya misa kijiji kitakaa. Huyo mwanamke aje, na aje na lile jembe. Waliokuwa naye shimoni watajitaja. Aliyempa ruhusa atajitaja. Tukishamjua aliyeutupa mwili wa mke wangu kwenye shimo hilo, tutamfukuza yeye kijijini, na nyumba ya Nazari tutaitazama upya. Asipopatikana, wanaondoka wao. Ndipo uandike."

Akatoka.

"Jumatatu saa mbili faili linaondoka," alisema Bi. Eunice taratibu. "Nitaliacha swali hili wazi mpaka saa moja na nusu. Zaidi ya hapo siwezi."

Walitoka nje kwenye jua la Mbinga lisilo na joto. Hyasinti alikwenda mbele kutafuta gari. Nazari alimshika mkewe kiwiko.

"Mama Stella, basi tumepona. Umesikia alivyosema? Jumapili umtaje aliyekuruhusu, basi. Mwache afukuzwe yeye. Wale watatu wasingethubutu kukuacha ushuke bila mtu wa kuwaambia. Nani alikupa jembe?"

Lukresia alijitoa mkononi mwake. Alitazama chini ya ngazi. Mzee Edmund alikuwa anashuka kwa shida, hatua moja moja, na mtoto wake wa kwanza, faraja pekee aliyobakiwa nayo tangu Gertruda afariki, alikuwa amempa bega. Mkono mmoja ulimshika mzee kiunoni. Mwingine ulimbebea mfuko wa nailoni wenye daftari.

"Alikuwa analia," alisema Lukresia. "Alisema mama yake asilale kwenye maji. Jembe alinipa Pankras. Na alama aliiweka yeye."

Chini ya ngazi Pankras aligeuka, akawatazama.